Viganja vya Luhende

Mwanangu Masanja,

Kama unaisoma barua hii, basi umeshapekua mzigo wako mpaka chini kabisa, chini ya shuka na chini ya karanga alizokukaangia mama yako, na mkono wako ulikuwa unatafuta kisu. Nimekizungushia karatasi hizi na kuzifunga kwa uzi wa katani. Hukipati bila kuzifungua, na kwa ubishi wako ninavyoujua, ukishazifungua utazisoma, hata kama ni kwa ajili ya kupata la kunitukana.

Nilikiona jana ulipokwenda kuaga rafiki zako. Sikuwa nakupeleleza, nilikuwa natafuta pa kukutilia chumvi. Kisu cha baba yako kimenolewa mpaka kinanyoa vinyweleo vya mkono, nimekijaribu. Mtu anayekwenda kuchimba dhahabu hanoi kisu namna hiyo. Tena mtu anayekwenda kuchimba dhahabu hakatai lori linaloondoka Tabora asubuhi na kumshusha Nzega kabla ya jua kuzama, akasema eti atapita njia ya vilimani amnyooshe mbwa miguu. Miguu ya mbwa imenyooka kuliko yako. Unatembea kwa sababu lori halisimami Lusu.

Kwa hiyo tusizungukane. Unakwenda kumuua Luhende, kwa sababu tangu utoto umeambiwa kwamba aliachia kamba na baba yako akafia shimoni. Masanja, Luhende hakuachia kamba. Nilikuwepo pale, karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na nimekaa na jambo hili miaka yote uliyoishi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kujiepusha na pombe ya machimboni na wanawake wa huko, mama yako amekuhubiria wiki nzima, siongezi neno. Nilipomwambia nataka kukuandikia alisema, "Mwandikie yote au usimwandikie kabisa. Nusu umeshampa." Kisha akaenda kulala, au anajifanya amelala, maana sisikii akikoroma.

Unajua kwamba mimi ni kaka wa baba yako. Uliniita baba tangu ulipojua kusema, nami nimeitika bila aibu. Watu wakikuona unavyofura shingo ukiudhiwa husema, "Damu ya Shija hiyo." Wanakosea. Shija alikuwa mtu wa kucheka. Hata kuchinja jogoo alikuwa anageuza uso. Hasira hiyo hukuirithi kwake, umeiokota hapa nyumbani, kwangu, kama mtoto anavyookota lugha. Ndiyo maana kazi ya kukuzuia ni yangu.

Nianze na vita, kwa sababu bila vita huwezi kuelewa habari ya kamba.

Mjerumani na Mwingereza walipopigana, sisi watatu, mimi, Shija na Luhende wa Lusu, tulikamatwa pamoja kubeba mizigo. Babu yako alikuwa amebeba meno ya tembo kwenye njia ile ile ya misafara na alirudi akiimba. Sisi tulibeba risasi, na hatukuimba. Aliyeanguka alichapwa kiboko mpaka ainuke, asiyeinuka aliachwa na mzigo wake ukagawanywa kwa wengine. Shija alishikwa na tumbo la kuhara damu. Siku alipoanguka mimi nilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Nilisikia anaita "Kaka!" Nilisikia na kiboko kikilia. Sikugeuka. Nilijiambia kwamba nikigeuka tutachapwa wawili, na hilo lilikuwa kweli, lakini miguu yangu ilishaamua kabla kichwa hakijapata sababu. Luhende aligeuka. Alichapwa mgongoni mpaka shati likaingia kwenye nyama, na bado akamtia baba yako mgongoni huo huo na mzigo wake kichwani, akaja naye mpaka kambini.

Shija hakunikumbusha jambo hilo hata mara moja. Afadhali angenikumbusha. Tungepigana, tukamalizana. Badala yake aliendelea kunipenda, na mimi nikaanza kumchukia Luhende, mtu ambaye kosa lake lilikuwa ni kufanya kazi yangu.

Tuliporudi tuliingia wote watatu katika chama cha wawindaji wa nungunungu. Wewe umeona ngoma za chama tu, hujaona kazi yenyewe, kwa sababu niliiacha kabla hujapata akili. Nungunungu anakaa chini ya mawe, kwenye mashimo marefu. Mbwa anakuonyesha mdomo wa shimo, kisha mtu anaingia kwa tumbo, mkuki mfupi mbele, kisu kiunoni, kamba ya magome kwenye kifundo cha mguu. Ndani ni giza na mavumbi, bega linakwaruza jiwe huku na huku, na mnyama anakugeuzia matako yenye miiba. Anayeingia ndiye anayechagua wa kushika kamba, na humzungushia mwenyewe mkononi. Aliyepewa haruhusiwi kumpa mwingine. Anayebaki anashika mbwa, kwa sababu mbwa akimfuata mtu shimoni wataziba njia wote wawili. Kushika mbwa ni kazi ya mdogo, au ya mgeni, au ya mtu asiyeaminiwa sana. Hakuna aliyesema hivyo kwa mdomo, lakini kila mtu alijua.

Na kuna mwiko mmoja mkubwa kuliko yote. Mtu akiwa shimoni, walio nje hawagombani. Hata kama mmoja amemchukulia mwenzake mke, watasubiri mtu atoke. Aliye ndani hana macho wala masikio isipokuwa yao.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa baada ya mavuno, majani yamekauka, wewe hujaota hata jino. Tulikuwa vilima vile vya mawe vilivyo upande wa kushoto wa njia ya Nzega, pale ambapo mimi na wewe tumepita mara nyingi. Mbwa alikuwa wa baba yako, anaitwa Watasema. Shija alimwita hivyo kwa sababu watu walimcheka alipomchukua, kijibwa dhaifu chenye mguu mmoja mweupe, akamlea kwa kumtafunia ugali mdomoni mwake mwenyewe. Wakisema alimwita mbwa kwa sauti mpaka wanyamaze. Huyu unayetembea naye sasa ni wa kizazi cha huyo. Nilipomwita Wamesema ulidhani natania tu.

Watasema alisimama kwenye mdomo wa shimo, manyoya yamemsimama. Palikuwa na miiba mibichi chini. Shija akavua shuka, akajifunga kamba, akamzungushia Luhende mwisho wake mkononi.

"Leo tena yeye?" nikamwuliza.

"Kaka, shika mbwa," akasema huku anacheka. "Watasema anakupenda wewe."

"Mimi ni mkubwa wako. Mbwa ashikwe na watoto."

"Basi nikitoka tutagombana vizuri. Sasa nyamaza, naingia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia tukitazamana. Akaingia, nyayo zake zikapotea, kamba ikaanza kwenda polepole mkononi mwa Luhende. Mimi nilikuwa nimemshika mbwa shingoni, na moyoni nina miaka yangu yote ya kumwona mtu wa Lusu akipewa kilicho changu.

Nikamwambia, "Unashika kamba ya ndugu yangu kana kwamba umemzaa."

"Maganga, mtu yumo ndani."

"Nakuuliza. Umemzaa wewe?"

"Mtu yumo ndani," akarudia, kwa sauti ya chini, macho hayatoki kwenye kamba.

Kukataa kwake kuniangalia ndiko kulikonimaliza. Nikamsukuma bega. Nilimsukuma kwa mikono miwili, Masanja. Fikiri kidogo mikono hiyo ilikuwa imeshika nini.

Watasema alichomoka. Hakupita mdomo alioingia Shija, alipita kwenye ufa mwingine kati ya mawe ambao hatukuwa tumeuona. Tukasikia anabweka chini ya miguu yetu. Halafu tukasikia mngurumo ambao si wa nungunungu. Fisi jike alikuwa amezalia humo, nungunungu wanakaa chumba cha mbele na yeye cha nyuma, wanyama hawa hufanya hivyo. Mbwa akalia kilio cha kung'atwa. Na Shija, mpumbavu mwenye moyo mwema, akapiga kelele kutoka ndani, "Legeza! Legeza kamba! Mbwa!"

Alitaka urefu zaidi amfikie mbwa wake. Luhende hakulegeza. Alikuwa amesikia fisi. Alikita nyayo kwenye jiwe na kuvuta ili amtoe mtu, na Shija akavuta kwenda ndani, na kamba ile ya magome ikapita kwenye viganja vya Luhende ikichana ngozi, damu ikatiririka mpaka kwenye viwiko. Hakuachia. Niliruka nyuma yake nikashika naye. Mara kamba ikawa nyepesi, tukaanguka chali wote wawili, na mwisho wake ukatoka shimoni ukiwa umekatwa safi kwa kisu.

Kwa kisu hicho ulichonoa. Shija aliikata mwenyewe.

Yaliyofuata tuliyasikia tu, hatukuyaona, na siwezi kuyaandika yote. Alipiga kelele muda mrefu kuliko unavyodhani mtu anaweza. Nilijitosa shimoni nikakwama mabega, nikalia humo, mchanga mdomoni, na sauti ya ndugu yangu iko mbele yangu karibu kabisa, ikageuka kuwa kitu kingine, kisha ikawa sauti ya kula. Luhende alinivuta miguu akanitoa. Kwa viganja vile.

Nami niliposimama nilichukua rungu nikampiga nalo usoni. Nilikuwa nimeuona ule mkato wa kamba. Ulikuwa umelala pale kwenye majani mbele ya macho yetu, na nilimpiga hivyo hivyo. Taya lilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Nikampiga tena mbavuni, na tena, na yeye hakuinua mkono, labda kwa sababu viganja vile havikukunjika. Nilitaka anirudishie. Nilimwomba anirudishie.

Ndipo Watasema akatoka. Alitokea kwenye ule ufa, sikio limechanika, amejikojolea, lakini mzima. Shija alikuwa amekata kamba kwa ajili ya mbwa ambaye alishapata njia yake. Nikachukua mkuki. Nilitaka kumpigilia ardhini, nimwone akitapatapa, niwe nimeua kitu siku ile. Nilipoushusha, Luhende alikuwa amemlalia. Mkuki ulimwingia nyuma ya bega. Akageuza ule uso wake uliopinda, meno yamechanganyika na damu, akasema maneno mawili tu, "Wa Shija."

Nikautoa mkuki nikakaa chini. Mbwa unayempenda, anayekulalia miguuni na kuiba ngozi za watu, yupo duniani kwa sababu ya mgongo ule.

Kesho yake watu wa chama walikuja na majembe na mitaimbo. Tuliwasha moto wa majani mabichi, fisi akatoka na moshi, tukamkatakata, tukawaua na watoto wake mmoja mmoja kwa kuwapigiza mawe, na haikunisaidia kitu. Tukafukua. Shija alikuwa mbele ya kona, mbali kuliko kamba ingefika, mkono wake umenyooshwa kuelekea kwenye ufa. Sitakueleza uso wake kwa sababu haukuwepo. Kisu kilikuwa chini ya kifua. Nilikisafisha, nikakuwekea.

Wazee wa chama wakauliza, "Nani alishika kamba?"

Nikasema, "Luhende." Ilikuwa kweli. Hawakuuliza nani alishika mbwa, nami sikuwaongezea. Luhende mwenyewe alikuwa amelala kwao Lusu, taya limefungwa kwa kitambaa, hawezi kusema neno likaeleweka.

Matangani nikatunga wimbo. Unaujua, unauimba vizuri kuliko mtu yeyote wa rika lako: Luhende mikono ya samli, kamba imeteleza. Ulikuwa wimbo mzuri, hiyo ndiyo bahati yetu mbaya. Uliimbwa Tabora, ukaimbwa Nzega, ukafika Ziba kabla ya mvua. Luhende alipopona kidogo alikwenda barazani kuwaonyesha watu viganja vyake, na watoto wakamwimbia. Nani aangalie makovu wakati kuna kiitikio cha kupiga makofi?

Wajomba zake hawakuvumilia. Walikuja wakachoma ghala langu na kunivunja mkono huu wa kushoto ambao wewe hupenda kuucheka unapokunjika ovyo. Nasi tukaenda Lusu alfajiri, watu wa chama, na mikuki na marungu. Tulikata miguu ya ng'ombe nyuma ya goti, wakabaki wamekaa chini kama watu, wanalia. Mtu mmoja alipoteza jicho. Kijana mmoja, mpwa wake Luhende, rika lako la sasa, alipigwa kichwani akafa kabla jua halijapanda. Hakuna anayejua pigo lilikuwa la nani. Kila mmoja wetu aliapa si lake, na mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimeliota pigo hilo miaka mingi, na katika ndoto rungu huwa mkononi mwangu.

Ikaja kesi mbele ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Luhende aliitwa. Akaulizwa ni nani aliyemvunja taya na kumchoma bega. Nilikuwa nimesimama kizimbani, nikamtazama, nikajua nimo mkononi mwake na anaweza kuukunja. Akasema, kwa lile domo lake la upande mmoja, "Nilianguka kwenye mawe." Karani akamwuliza tena. Akasema tena. Kisha akatoka bila kunitazama, mtu aliyemzika mpwa wake siku chache tu nyuma. Tulifungwa kwa vurugu na ng'ombe, si kwa zaidi ya hapo. Herufi hizi ninazokuandikia nilifundishwa humo gerezani na mfungwa mmoja aliyewahi kuwa karani, kwa mkaa kwenye sakafu, na nilipoweza kuandika neno zima la kwanza niliandika jina la Shija, nikalifuta kwa mguu kabla askari hajaja.

Nilipotoka ulikuwa unakimbia. Mama yako alikuwa amehamia nyumbani kwangu kwa taratibu za ukoo, na uliniita baba siku ile ile kwa sababu nilikuwa na mkate mfukoni. Nikaanza kutembea na wewe vilimani kila baada ya mavuno, na mbwa mbele. Nilikufundisha kupumua ukipanda, kulala kwenye jiwe lililopata jua, kuona mahali mbwa anaposita na wewe usite. Pale juu, penye rundo la mawe ambapo wabebaji wa zamani waliweka jiwe kwa ajili ya wenzao walioachwa njiani, tuliweka mawe yetu. Ulikuwa ukitaja majina kwa sauti yako nyembamba, wenzangu wa vita, wenzangu wa chama, na mwisho kabisa Shija. Mbwa alikuwa anakojolea rundo na wewe unamfukuza, unasema anawakosea marehemu heshima. Siku zile ndizo nzuri kuliko zote nilizopewa, na sikustahili hata moja.

Kulikuwa na jiwe moja nililoliweka kando kila mwaka. Uliniuliza, "Baba, hili la nani?" Nikakujibu, "La mwenzetu aliyepotea." Lilikuwa la Luhende. Alikuwa hai, ng'ambo ya vilima vile, mwendo wa kutwa moja, na mimi nilimweka pamoja na wafu kwa sababu wafu hawaji kukudai useme.

Na wimbo? Wimbo niliuacha ukue na wewe. Ulipokuwa mdogo uliniona nikiunyamazia, ukadhani kunyamaza kwangu ni uchungu. Ulipouimba mbele za watu, jasho likikutoka, wakakurushia vitambaa, nilicheka kwa fahari kama mzazi yeyote. Hilo ndilo kosa langu baya kuliko rungu. Rungu lilivunja taya moja siku moja. Wimbo nimekulisha wewe kila mwaka, na sasa umeshiba, umenoa kisu. Siku ile ulipompiga yule mtoto wa watu wa Lusu gulioni mpaka akatema meno, kwa sababu tu amekutajia Luhende, nilikuona usoni. Nilijiona mimi kwenye mdomo wa shimo. Ulikuwa unamwomba akurudishie.

Sasa uko njiani na mimi siko. Ningeweza kukitupa kisu chooni. Mama yako alinishauri hivyo. Lakini chuma hakiishi Nzega, ungenunua kingine kabla ya kununua ugali. Ningeweza kukusindikiza nikakushika shingo. Nimeshaonyesha ninavyoshika vitu nikiwa na hasira. Kwa hiyo nimekirudisha kwenye mzigo wako, na nimekiacha kikali hivyo hivyo. Ni cha baba yako. Una haki nacho. Nilichokuwa nimekunyima ni habari zake tu.

Usipite mbali na Lusu, Masanja. Sikuombi upite mbali, nakuomba uingie. Ukishuka vilima utaona njia inagawanyika, mwache Wamesema atangulie, nyumba iko upande wa mbuyu uliopigwa radi, ina ukuta mwekundu. Nimefika mpaka kwenye mbuyu huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mimi na mbwa, tukageuka. Ukimkuta mzee ameketi, atamtazama kwanza mbwa, ule mguu mweupe, kabla hajakutazama wewe. Usimhimize. Mpe nafasi.

Kisha mwamkie. Mpe shikamoo yake kamili, kama unavyompa baba, maana alimbeba baba yako mgongoni. Akisema marahaba, neno litatoka upande mmoja tu wa mdomo. Ule mwingine niliuvunja mimi. Mwombe akufungulie viganja. Vidole vyake havinyooki vizuri, itabidi umsaidie kuvifungua. Tazama vizuri, pitisha kidole chako kwenye ile mifereji ya kamba toka upande huu mpaka ule, usione haya, hata ukilia. Halafu mwambie wewe ni nani, na umwonyeshe kisu. Mwambie kimetoka wapi. Mwambie Maganga amekiri kwamba yeye ndiye aliyeshika mbwa.

Na baada ya hapo, kama bado damu inakuchemka, kama kifua bado kinasema lazima mtu alipe kwa ajili ya Shija, sitakwambia utulie. Mimi niliambiwa nitulie na watu wengi wema. Ila huyo mtu hayuko Lusu. Geuka, upande vilima, upite penye rundo la mawe, ulichukue lile jiwe la pembeni ulitupe, maana mwenyewe hajafa. Wamesema anaijua njia ya nyumbani hata gizani. Utanikuta nimekaa nje, mahali pangu pa siku zote, na sitainua mkono.

Baba yako,
Maganga